Gereji imejaza magazeti na puti ndani ya chasisi ya Land Rover yetu, kisha ikatutoza fedha za kuchomelea

Ndugu wanajukwaa,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Gereji moja ya hapa Tanga ilichukua shilingi 1,900,000 zetu kwa makubaliano kwamba itakata sehemu zilizooza za chasisi ya Land Rover 109 na kuchomelea bamba jipya la chuma, kisha ikaturudishia gari ambalo ndani ya chasisi yake kuna magazeti, vipande vya mifuko ya saruji, wavu wa banda la kuku na puti (ile rojo ya kusawazishia bodi kabla ya rangi), vyote vikiwa vimefunikwa kwa lami nyeusi iliyopakwa nene hadi inang'aa. Picha zipo, mabaki yenyewe yapo kwenye ndoo, na mashahidi wapo. Jina la gereji silitaji kwa sasa kwa sababu suala hili linaelekea mahali ambapo jina litaandikwa rasmi, kwa hiyo naomba nisiulizwe.

Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ya petroli, yenye injini ya silinda nne ya sentimita za ujazo 2,286. Lilifanya kazi kwenye shamba la mkonge, likauzwa, likaishia Pangani kwa baba mdogo wa rafiki yangu, na giaboksi ilipokufa likawekwa juu ya mawe kando ya minazi, likaachwa hapo kupigwa na upepo wa bahari mwaka baada ya mwaka. Tulipokwenda kulichukua, kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha nyuma. Tuko wanne katika kazi hii: mimi, mwalimu wa fizikia, kijana anayetengeneza injini za boti pale Deep Sea, na mzee wetu mmoja aliyestaafu katika karakana ya reli, ambaye mikono yake inajua chuma kuliko vitabu vyote vya mwalimu. Kazi inafanyika uani kwangu, jioni na mwisho wa wiki. Injini tuliing'oa kwa winchi ya mnyororo, tukasugua vali hadi zikakaa, tukaweka nafasi ya tapeti ya milimita 0.25 kama inavyotakiwa, tukafungua breki zote nne za ngoma na kubadilisha mipira ya silinda zake. Kila boliti iliwekwa kwenye kopo la maziwa lenye maandishi. Nasema haya ili ieleweke kwamba gari halikupelekwa gereji na watu wasiojua walichokuwa wakikitaka.

Chasisi tuliipeleka kwa mafundi kwa sababu ndiyo kazi ambayo mtu mwenye akili hajifunzii kwenye gari lake. Anayezifahamu Land Rover hizi za zamani anajua hila yake. Ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, Uingereza bado ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, hivyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu, na utaratibu huo ukaendelea hadi kwenye matoleo ya baadaye. Chasisi, kwa upande wake, ni chuma kilichokunjwa na kuunganishwa kuwa boksi lenye uwazi ndani. Tope na maji huingia kwenye uwazi huo na kutulia, kutu ikaanza kula kutoka ndani kuja nje, huku milango na mabawa ya aluminiamu yakiendelea kuonekana mazima kwa mpita njia. Mahali ambapo aluminiamu inagusana na chuma hali huwa mbaya zaidi, hasa kwenye hewa yenye chumvi, kwa kuwa metali hizo mbili zikipata unyevu, aluminiamu huliwa kwenye maungio. Kwa hiyo Land Rover iliyokaa Pangani inaweza kupendeza kwa juu na kuwa imekufa kwa chini, na yetu ilikuwa hivyo hasa.

Tuliyajua hayo kabla ya kwenda gereji. Mzee wetu aliipitia chasisi yote kwa nyundo ndogo, na kila mahali ambapo sauti ilibadilika kutoka mlio mkavu kuwa mlio mzito alipazungushia chaki. Palikuwa na sehemu nne: mikono miwili ya pembeni inayobeba ukuta wa mbele wa kabini, mtambuka wa nyuma (boriti inayokatiza chasisi kwa upana), na eneo la hanga, yaani kishikio, ya springi ya nyuma upande wa kushoto. Tuliandika makubaliano kwenye karatasi na mwenye gereji akatia saini. Karatasi inasema waziwazi kwamba chuma kilichooza kikatwe hadi kufikia chuma kizima, kwamba bamba litakalowekwa liwe la milimita 3, kwamba viungo vichomelewe mfululizo na si kwa nukta nukta, na kwamba kazi isipakwe kitu chochote kabla sisi hatujaikagua. Sharti hili la mwisho lilitoka kwa mzee, na siku ile nilidhani anazidisha. Tulilipa shilingi 1,300,000 za mwanzo, na zilizobaki zingelipwa siku ya kuchukua gari.

Siku hiyo ilipofika tulikuta chasisi nzima imepakwa lami. Nilipouliza kwa nini, mwenye gereji alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, tumelikinga lisishike kutu, hiyo ni huduma ya ziada, wala hatukuchaji." Tulidai lami ikwanguliwe tukague. Akakataa, akasema tulipe kwanza fedha iliyobaki ndipo geti lifunguliwe, na kwamba kila siku gari litakayolala pale kuanzia hapo ingelipiwa. Tulilipa huku tunalalamika. Risiti tuliyopewa ni kipande cha karatasi ya daftari, na tulipoomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tuliambiwa mashine ni mbovu.

Uani kwangu mzee alichukua nyundo ileile, akagonga karibu na hanga ya springi, akatulia, akagonga tena, akaniambia, "Mwanangu, hapa hakuna chuma." Kijana wa boti alidhani lami ndiyo inayoua sauti. Tukaweka jeki chini ya mtambuka wa nyuma ili tuingize magogo, na hapo mjadala ukaisha: jeki ilipanda, lakini gari halikupanda nayo. Kichwa cha jeki kilizama ndani ya mtambuka hadi kikapotea. Bahati ni kwamba hakuna aliyekuwa chini, kwa kuwa mzee huyu hamruhusu mtu kuingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Tuliichimbua kwa tindo. Nje kulikuwa na lami, chini ya lami puti, chini ya puti bati jepesi la pipa lililoshikizwa kwa nukta chache za kuchomelea, na nyuma ya bati wavu wa kuku ulioshikilia magazeti yaliyosokotwa. Chuma kilichooza hakikukatwa hata sentimita moja. Alama za chaki za mzee tulizikuta palepale chini ya puti, bado zinaonekana. Sehemu zote nne zilifanywa namna hiyohiyo. Ukurasa mmoja wa michezo ulikuwa bado unasomeka vizuri, na tarehe yake ni ya wiki ambayo gari lilikuwa mikononi mwao, kwa hiyo yule atakayekuja kutuambia kwamba hayo ni matengenezo ya mmiliki wa zamani ajibu kwanza swali la gazeti hilo.

Naomba wasiojua magari wanielewe kwamba hapa hatuzungumzii urembo. Katika gari hili ekseli ya nyuma inashikiliwa mahali pake na springi za majani, na springi hizo zimefungwa kwenye hanga zilizochomelewa kwenye chasisi. Hakuna kitu kingine kinachoizuia ekseli isisogee mbele au nyuma. Hanga moja iking'oka, upande mmoja wa ekseli unarudi nyuma, magurudumu yanakwenda mshazari, na dereva anabaki ameshika usukani ambao hauliongozi gari tena. Sasa fikiria jambo hilo linatokea kwenye barabara ya Tanga kwenda Segera, basi linakuja mbele na lori lipo nyuma. Kilichokuwa kinaishikilia hanga ya gari letu ni ukurasa wa michezo.

Tulirudi gereji na ndoo ya mabaki. Mwenye gereji hakushtuka, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko puti yenyewe. Kwanza alisema kazi ilifanywa na kijana ambaye ameshaondoka. Kisha akasema, "Gari lenyewe la mwaka sabini na nane, mlitaka liwe jipya?" Mwalimu akamsomea makubaliano yenye saini yake, naye akajibu kwamba bamba la milimita 3 ni ghali na kwamba sisi tulitaka gari lipendeze, nalo limependeza. Mwisho akatupa "msaada": tuongeze shilingi 800,000, afanye upya. Yaani mtu aliyemfunga bandeji mgonjwa aliyevunjika nyonga anadai nyongeza ili sasa amtibu.

Kuna kauli moja aliyoitoa ambayo nataka kuijibu hapa, kwa kuwa nimeisikia na kwa wengine: eti kila mtu hutumia puti. Ni kweli, na puti haina kosa. Kazi yake ni kusawazisha mabonde madogo kwenye bodi baada ya bati kunyooshwa, ikipakwa kwa wembamba na kupigwa msasa kabla ya rangi. Haina nguvu ya kubeba uzito wowote, na isipofunikwa vizuri hunywa unyevu na kuuleta kwenye chuma, kwa hiyo puti iliyosindikwa kwenye chasisi iliyooza inaharakisha uozo uleule inaouficha. Lami nayo, ikipakwa juu ya kutu, hufungia maji ndani. Hata oili chafu ambayo mafundi wetu wa mitaani huipuliza kwenye chasisi ingekuwa na manufaa kuliko hiyo "huduma ya ziada", kwa sababu angalau isingetuzuia kuona.

Wala sizungumzi kwa kuwadharau mafundi. Nawajua wachomeleaji wanaofanya kazi chini ya mti, wasio na cheti cha VETA wala kibanda, ambao wangeona aibu kukabidhi kazi ya namna hii kwa mteja. Watu wa namna hiyo ndio wanaoharibiwa soko, kwa sababu bei ya haki ya kukata na kuchomelea inaonekana kubwa mbele ya bei ya magazeti. Tangu lile tamasha la Arusha la Oktoba 2024, lililokusanya zaidi ya Land Rover 1,000, naona vijana wengi wameanza kuyatoa magari ya wazee wao mashambani na kuyafufua majumbani pamoja na marafiki zao, jambo ambalo mimi nalifurahia sana. Wengi wao hawana mzee wa reli pembeni. Watapokea gari jeusi linalong'aa, watalipia rangi ya kijani au ya maziwa, watalipeleka kwenye ukaguzi wa stika ya Nenda kwa Usalama, ambako taa, matairi na breki vitaonekana vizuri na hakuna atakayechungulia ndani ya boksi la chasisi, kisha watapakia familia.

Kwa hiyo anayetaka kununua gari la namna hii, au anayelitoa gereji, asiridhike kwa kutazama. Achukue bisibisi ya ncha bapa na asukume kwa nguvu kwenye kila kiungo. Achukue na sumaku ndogo, ile ya kwenye spika mbovu inatosha, aipitishe chini ya chasisi; panapokuwa na puti nene sumaku haitashika. Mwenye gereji akikasirika kwa kuchokonolewa kazi yake, mteja ameshapata jibu.

Msimamo wetu ni huu. Tunadai turudishiwe shilingi 1,900,000 zote bila kukatwa, na hatutaki gari lirudi kwao hata kwa matengenezo ya bure. Tumewaandikia barua na kuwapa hadi mwisho wa mwezi. Wasipojibu, tutapeleka malalamiko Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inashughulika pia na kumlinda mlaji, na tutafungua shauri mahakamani tukiwa na makubaliano, kile kipande cha daftari na ndoo. Walioshauri tuagize chasisi mpya iliyochovywa zinki kutoka Uingereza tunawashukuru, lakini gharama yake pamoja na usafiri na ushuru inapita thamani ya gari lote, na isitoshe sehemu kubwa ya chasisi hii bado ni nzima.

Kwa sasa bodi tumeishusha, na chasisi iko uani juu ya magogo, imesuguliwa kwa brashi ya waya hadi chuma kitupu. Tunatafuta mtu wa Tanga, Muheza au Korogwe mwenye mashine ya kukunja bamba la milimita 3 kwa pembe ya mraba, pamoja na mchomeleaji atakayekubali kufanya kazi hapahapa nyumbani mbele yetu. Malipo ni taslimu na kwa wakati. Anayehitaji kazi hii anitumie ujumbe, na atakapokuja aje na kipande cha kazi aliyoichomelea ambacho hakijapakwa rangi.