Rais wa Marekani hawezi kuamua tu? Wajuzi naomba mnieleweshe

Mtoto_wa_Mbagala
Wakuu habari za jioni. Hapa kijiweni kuna ubishi haujaisha toka jana, jamaa mmoja kashikilia kwamba rais wa Marekani ni kama mfalme tu, akisaini karatasi asubuhi mchana ishakuwa sheria. Mwingine akamwambia sasa kama ni hivyo mbona serikali yao inafungwaga kabisa, wafanyakazi hawalipwi na rais yupo hapo hapo anaangalia? Halafu na mimi nina langu, 2016 Hillary Clinton alipata kura karibu milioni 3 zaidi ya Trump, alishindwaje? Lugha nyepesi tafadhali, mi sijasoma sheria.

Ticha_wa_Uraia
Mkuu huyo wa mfalme mwambie katiba yao iliandikwa Philadelphia 1787 na watu waliotoka kupigana na mfalme wa Uingereza, kwa hiyo kitu walichokuwa wanakiogopa kuliko vyote ni mtu mmoja kushika kila kitu. Kifungu cha kwanza kabisa hakianzi na rais, kinaanza na Bunge, rais anakuja cha pili, mahakama cha tatu.

Bunge lenyewe (Kongresi) liko mara mbili, kuna Baraza la Wawakilishi watu 435 na Seneti watu 100, muswada lazima upite kote kule ndo uende mezani kwa rais. Akiukataa anaurudisha na sababu zake, na wao wakipata theluthi mbili kila upande unakuwa sheria atake asitake.

Sasa hapo kwenye kufungwa. Katiba inasema hela haitoki hazina mpaka Bunge lipitishe sheria, basi. Desemba 2018 Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico, Bunge likagoma, yeye nae akagoma kusaini bajeti isiyo na ukuta, ofisi kibao zikafungwa siku 35. Wale wakaguzi wa mizigo airport walikuwa wanaenda kazini mshahara hakuna, wengine wakaanza kuugua ghafla ghafla unajua mwenyewe 😀

Zile karatasi anazosaini mbele ya kamera ni amri kwa watendaji wa serikali yake. Mahakama inaweza kuzitupa, na rais anayekuja anazifuta siku ya kwanza ofisini.

Shangazi_Ilala
Umesahau mawaziri ticha, na mi naona tofauti kubwa na sisi ipo hapo. Huku kwetu waziri lazima atoke bungeni, ndo maana rais akimtaka mtu wa nje anampa kwanza ubunge kwenye zile nafasi zake 10. Kule ni marufuku, mbunge akitaka uwaziri anaacha ubunge. Na rais akishakuteua bado, unaenda kukaa mbele ya maseneta masaa na masaa unaulizwa mpaka mambo ya ujana wako. 1989 walimkataa John Tower aliyeteuliwa na Bush baba kuwa waziri wa ulinzi, kura 53 kwa 47, na mwenyewe alishawahi kuwa seneta, yani wenzake kabisa! Na rais hana uwezo wa kulivunja Bunge hata wakimkera vipi.

kura_hazidanganyi
Mleta mada la Clinton nalichukua mimi. Mwananchi wa kule anachagua wajumbe wa jimbo lake, hao ndo wanaomchagua rais, wapo 538 nchi nzima, anayefikisha 270 kashinda. Karibu majimbo yote ukiongoza hata kwa kura moja unabeba wajumbe wote, ni Maine na Nebraska tu wanagawana. Kwa hiyo Clinton alijaza kura California ambazo hazikumuongezea kitu, akaja kuangushwa Michigan, Wisconsin na Pennsylvania kwa tofauti ambayo ukijumlisha zote tatu haifiki kura elfu 80. Al Gore nae yalimkuta kwenye uchaguzi wa urais wa 2000.

Mtoto_wa_Mbagala
Aisee. Sasa si wabadilishe katiba yaishe?

Ticha_wa_Uraia
Unatakiwa upate theluthi mbili Bunge zote mbili halafu majimbo 38 kati ya 50 yakubali. Wyoming watu hawafiki laki 6 ina maseneta wawili, California yenye watu karibu milioni 39 nayo wawili, unafikiri hao wadogo watakubali kupunguziwa nguvu? Toka ianze imerekebishwa mara 27 tu na 10 kati ya hizo zilipita kwa mpigo 1791. Ile ya 27 ndo kichekesho, inahusu mishahara ya wabunge, ilipendekezwa 1789 ikaja kupita 1992.

Mzee_wa_Kahawa
Msiwapambe sana hao. Katiba hiyo hiyo mtumwa ilimhesabu sehemu tatu ya tano ya mtu ili mabwana zao wapate viti vingi bungeni, utumwa ukafutwa 1865 baada ya vita, wanawake nchi nzima kupiga kura mpaka 1920. Na majaji 9 wa Mahakama ya Juu wanakaa mpaka wafe au wachoke wenyewe, Trump kaweka watatu ndani ya miaka minne. Hapo mnasema madaraka yamegawanywa?

Mtoto_wa_Mbagala
Mzee shikamoo, umemaliza kabisa. La mwisho wakuu, asipopatikana wa 270 inakuwaje?

kura_hazidanganyi
Baraza la Wawakilishi linachagua, ila kila jimbo linapiga kura moja, Wyoming sawa na California. Uchaguzi wa 1824 ilitokea, Andrew Jackson alikuwa anaongoza kwa kura lakini hakufikisha idadi, Baraza likampa John Quincy Adams. Jamaa alinuna miaka minne yote, 1828 akarudi akambwaga vibaya sana.