Nyumba ya mama Wete: nimkabidhi fundi kila kitu au ufundi tu?

MtotoWaWete
Asalaam aleikum jamaa. Najenga nyumba ya familia kwetu Wete, Pemba, vyumba vitatu na ukumbi, mie nipo Dar kikazi. Msingi tushamaliza na kuta zimefika usawa wa madirisha. Sasa sijui nimpe fundi kwa jumla, vifaa na kazi yake, au nimlipe ufundi tu na vifaa anunue kaka yangu? Nataka tupaue kabla ya masika, bimkubwa kachoka kukaa nyumba ya kupanga.

BintiMkoani
Waaleikum salaam kaka. Mie nilitoa kwa jumla. Kila Ijumaa naletewa picha, ukuta umenyooka, nimefurahi mpaka namuonesha kila mtu. Nlipokwenda mwenyewe nikakwaruza tofali kwa ufunguo wa mlango, likamung'unyuka kama mkate mkavu, saruji imepunjwa. Tulibomoa kuta mbili na roho iliniuma kwa kweli. Picha haikuoneshi tofali lina nguvu au halina.

FundiKonde
Mie mwenyewe fundi nasema kweli, jumla huharibika pale bei ya vifaa inapopanda kazi ipo katikati, fundi keshakubali bei hawezi kurudi kwako, ndo anapoanza kupunguza saruji. Chukua ufundi tu, ulipe kwa hatua, linta (lile zege la juu ya milango na madirisha), kupaua, plasta, na hatua haijaisha usilipe. Mchanga wa pwani usikubali hata ukiwa rahisi, chumvi inakula nondo ndani kwa ndani mpaka zege linapasuka. Na tofali mpya zimwagiliwe maji asubuhi na jioni wiki nzima, hapa ndo watu wengi wanapofanya haraka.

AmiFuoni
Mie nimegawa. Saruji, nondo na mabati nanunua mwenyewe, mchanga, kokoto na maji analeta fundi. Mifuko mitupu ya saruji haitupwi, mama ananihesabia, inafungwa kumikumi inawekwa chini ya mwembe, nikinunua 40 nataka 40 mitupu irudi. Taabu yake ni msimamizi, saruji ikiisha na yeye hayupo basi mafundi wanakaa na siku yao unailipa. Lakini mifuko ya saruji usirundike mingi, unyevu wetu huu ukiiweka chini kwenye sakafu inaganda, panga juu ya mbao.

FundiKonde
Na huko Pemba angalia karafuu, msimu ukichanganya vibarua wote wako mikarafuuni, hata huyo kaka yako humpati.

BintiMkoani
Halafu usisubiri picha, mpigie fundi simu ya vidio saa nne asubuhi bila kumwambia kabla, azunguke na futi ya kupimia akupimie ukuta mbele yako.

MtotoWaWete
Ahsanteni sana wallahi. Naenda na ufundi tu kwa hatua, saruji na nondo ananunua kaka na risiti ananitumia siku hiyohiyo, mifuko ataihesabu bimkubwa, yupo pale kila siku na kiti chake. Sasa bati, kwetu upepo wa bahari unapiga moja kwa moja, geji 30 au 28?

FundiKonde
28. Namba ikiwa ndogo bati ndo nene. Hiyo 30 nyembamba, kwa upepo wa chumvi ikishika kutu kwenye misumari inatoboka mapema, na kubadilisha paa watu wamo ndani ni tabu.

MtotoWaWete
Basi 28, kesho namwambia kaka aulize bei.