Tupeane uzoefu: namba za watu ulizitunza wapi, na zilikupoteaje?

Mzee wa Kitochi
Wakuu, juzi simu ilinizimikia stendi ya Magufuli pale Mbezi. Nikaazima ya kondakta nimpigie mama watoto. Nikabaki nimeikodolea macho. Mke niliyeishi naye miaka 19, namba yake siijui! Lakini ya marehemu baba, ile ya 0744, naitaja hata usingizini.

Simu yangu ya kwanza ilikuwa Nokia 3310. Majina yote yalikaa kwenye laini, simu yenyewe haikuwa na pa kuyaweka, na laini yangu ilibeba majina 100 tu. Jina likiwa refu halitoshi, hivyo Shangazi Mwanahawa wa Tanga akawa "Shang Mwana T". Ikijaa, unakaa kitako kuamua nani afutwe. Nilimfuta fundi cherehani, suruali yangu ikiwa bado kwake.

Halafu namba zilizoanza na 0744 zikageuzwa 0754, na za 0748 zikawa 0784. Nilikesha nabadilisha moja moja. Nadhani ule usiku ndio ulionifundisha namba, maana kila moja niliiandika upya kwa kidole. Siku hizi tunagusa jina tu. Haya, leteni yenu.

Binti Makorora
Sisi daftari letu lilikuwa ukuta. Mama aliandika namba kwa mkaa nyuma ya mlango wa ukumbini, na za watu wa mbali alizizungushia duara. Mwaka mmoja Iddi inakaribia, baba akaleta fundi wa rangi kwa kutushtukiza. Tumerudi sokoni, nyumba inang'aa, ukoo mzima haupo. Mjomba wa Mombasa tulikuja kumpata msibani, kanuna, anasema tulimtenga.

Fundi Kkoo
Mimi natengeneza simu. Mteja akija kioo kimekufa, haulizi bei kwanza, anauliza "majina yangu je?" Kwa hizi simu za tachi, kama majina yaliseviwa kwenye akaunti ya Google, ukiingia na imeili ileile kwenye simu mpya yanarudi yenyewe. Kasheshe ni kwamba imeili alifunguliwa na muuzaji siku aliponunua, na paswedi alibaki nayo muuzaji. Wengine wanakimbilia kurudisha laini. Namba yako utaipata, ila laini mpya inakuja tupu, haina jina hata moja.

Asiyejulikana TZ
Fundi umenigusa kidonda. Mimi na wife simu zetu tulifunguliwa kwa imeili moja, eti kurahisisha. Sikujua kwamba nikisevu jina huku, kule nako linaingia. Jioni moja ananiuliza kwa upole, "Baba nanii, huyu Fundi Friji anatutengenezea nini?"
Nyumbani hatuna friji.

Mzee wa Kitochi
😂😂 Mkuu pole sana. Ukapona?

Asiyejulikana TZ
Nilinunua friji.

Ukhti Muscat
Shikamooni wakubwa. Yangu fupi. Nilipokuja Oman namba zote za nyumbani nilikuwa nimezisevu kuanzia na 0. Nikiweka laini ya huku, hakuna inayoita. Wiki nzima nikilia nikidhani nyumbani wamezima simu, mpaka dada mmoja wa Kizanzibari akaniambia niondoe sifuri niweke +255. Mnaosafiri, wekeni mapema mkiwa bado nyumbani.

Mzee wa Kitochi
Nimesoma zote, asanteni. Jana usiku nikamsimulia mama watoto kisa cha stendi, tukacheka. Akaomba aone nimemsevu nani. Ni "Mama Juma Mpya", kwa sababu alibadili laini mwaka juzi, na ile ya zamani sijaifuta.
Tangu hapo anauliza Mama Juma wa zamani yuko wapi.