Sande skuli wanaona ya watoto, kipaimara umri bado: hawa wa katikati niwaweke wapi?

Mama_Wawili

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na wengine wote salamu zenu.

Niende kwenye mada. Mimi ni mwalimu wa sande skuli kwenye usharika mmoja wa KKKT, yaani Kilutheri, huku pembezoni mwa Dar, mwaka wa nne huu, na tangu Januari wamenibebesha na uratibu baada ya dada aliyekuwepo kuolewa Dodoma. Tuko walimu watatu, mmoja mwanachuo, akiwa na mitihani humuoni mwezi mzima. Jumapili ya kawaida watoto ni 110, 120 hivi, ikifika Mikaeli na Watoto, ile sikukuu ya watoto kanisani, wanatokea ambao sijawahi kuwaona maishani mwangu, 200 na ushee, kila mzazi anataka mwanae asimame mbele aseme mstari apigwe picha, wiki inayofuata tumerudi kwenye 110 zetu.

Wadogo wamepewa kachumba kalikokuwa stoo ya viti, waliobaki wote chini ya mwarobaini nyuma ya kanisa, na ng'ambo ya ukuta kuna gereji, fundi akianza kunyoosha bati basi somo limeisha hapo.

Sasa shida yangu wala sio wadogo. Wadogo ukiwa na wimbo wa vitendo na biskuti umemaliza. Shida ni hawa wa miaka 11, 12, 13. Sande skuli wanaona ni ya watoto, kipaimara kwetu hawaandikishwi mpaka wafike 13, ibada ya wakubwa wanasinzia. Wavulana wanaaga nyumbani wanaenda kanisani, wanaishia kijiwe cha boda pale getini, sadaka wananunua mihogo. Wasichana wanakuja lakini wanakaa nyuma na simu ya mama.

Wiki mbili zilizopita nafundisha Daudi na Goliathi, dogo mmoja akaniuliza "mwalimu hii umetufundisha toka tuko chekechea, kwani Daudi hakufanya kitu kingine?" Wenzake wakacheka na mimi nikacheka, ila usiku sikulala vizuri, maana Daudi kafanya mengi na mengine sijui hata ningeanzaje kuwasimulia.

La pili, wanaoanza kipaimara. Kwetu ni miaka miwili, vipindi jumamosi. Mtoto anaanza vizuri, Januari anachaguliwa bodingi mkoani, kipaimara imekatikia hapo. Akirudi Juni anaambiwa mahudhurio hayatoshi aanze upya. Kuna binti ameanza upya mara mbili, mama yake kaniambia ofisi ikimkatalia tena anampeleka kwa walokole akabatizwe upya yaishe.

Nyie huko kwenu mnafanyaje? Msiniambie niombe, kuomba naomba.

Kibo_Mgumu

Huyo dogo aliyekuuliza kuhusu Daudi mshike usimwachie, huyo ndo mwanafunzi wako.

Mi nafundisha huku Arusha, watoto wa umri huohuo, niliwapa 2 Samweli 11 na 12 bila kuruka. Ujanja sikuanza na Bathsheba, nilianza na ile hadithi ya nabii Nathani, tajiri mwenye makundi ya kondoo aliyepata mgeni akaenda kumnyang'anya maskini kakondoo kake kamoja alikokuwa anakula nako sahani moja. Sikuwaambia ni hadithi ya nani. Nikawauliza mngekuwa mahakimu mngemfanya nini? Wee! Mmoja anasema afungwe, mwingine alipe mara nne, kumbe mara nne ndo hukumu aliyotoa Daudi mwenyewe, dogo hajui. Wakishapandisha hasira ndo nikawasomea "Wewe ndiwe mtu huyo." Kimya. Afu tukarudi sura ya 11 kuona kafanya nini, nikaisema kwa heshima lakini nikaisema: alimchukua mke wa mtu na mume akamtuma vitani akafe.

Hawa watoto wanaona makubwa kuliko hayo kwenye simu. Wanachotaka kujua ni kama na sisi tunayajua.

dada_wa_Korogwe

Kibo umeniwahi. Naongezea la kwetu.

Nilikuwa nawakaririsha amri kumi, nikasema amri ya sita nani anaijua, mtoto mmoja kasimama "Usizini!", mwingine kutoka nyuma "uongo, hiyo ni ya saba, ya sita ni Usiue!" Nikataka kumkalisha. Kumbe baba yake ni Anglikana na nyumbani wanahesabu kwa namna yao, wanatenga ile ya sanamu iwe ya pili, sisi Walutheri na Wakatoliki tunaiunganisha na ya kwanza, halafu ya tamaa tunaigawa mbili mwishoni ili zitimie kumi. Nikawaambia fungueni Kutoka 20 mnionyeshe namba. Wakatafuta weeee. Amri zipo, ila hamna mahali palipoandikwa hii ya kwanza hii ya pili, kuna namba za aya tu na hizo aya zimewekwa na watu baadae sana. Mmoja akakimbilia Kumbukumbu la Torati 5 akidhani huko ndo zitakuwepo, hola. Saa nzima wamepigana na Biblia mpaka ibada ya pili imeanza hawajui, na hao ndo walewale wa simu ya mama.

Shida ilikuja mwishoni, kadogo ka miaka 8 kalikuwa kamejipenyeza kakauliza "mwalimu kuzini ndo nini?" 🤦🏾‍♀️ Ndo maana nakushauri watenge kwa umri hata kama ni chini ya mti mwingine. Wakiwa na wadogo wanaona aibu kuuliza na wewe unaona aibu kujibu.

zakayo_mjuu

Mimi nilibarikiwa, yaani nilimaliza kipaimara, 2014 huko Kilimanjaro, jina la usharika niache.

Nilikariri katekisimu yote, kile kitabu cha mafundisho ya kipaimara, ukisema "Maana yake nini?" natiririka kama bomba, ukinisimamisha katikati siwezi kuendelea mpaka nianze mwanzo. Ile kadi ya mahudhurio ya ibada tulikuwa tunasainishana, kuna jamaa alikuwa anaiga saini ya mzee wa kanisa mpaka mzee mwenyewe asingetofautisha. Ila kilichoniuma ni mchango. Gauni, cheti, maua, mpiga picha, zawadi ya mchungaji, yote kwenye karatasi moja, na siku ya mwisho wa kulipa majina ambayo hayajakamilisha yalisomwa mbele ya wote. La kwangu la pili. Mama akakopa kikoba. Halafu nyumbani ikabidi tufanye na sherehe, majirani wamefanya utaachaje, hema, MC, keki, mbuzi wawili, mimi nimevaa suti ya kaka nimekaa meza kuu kama bwana harusi nina miaka 14.

Tulibarikiwa 48. Jumapili iliyofuata tulikuwa sita.

Sasa mkikaa kwenye vikao kuulizana vijana wanapotelea wapi mkumbuke sisi tuliambiwa tumemaliza. Tulipewa mpaka cheti.

Mwinjilisti Mstaafu

Shikamooni wakubwa, na wadogo marahaba. Nimesoma yote, hili la Zakayo limeniuma kwa sababu nimewahi kushika karatasi kama hiyo na kusoma majina. Nilitumwa, lakini sauti ilikuwa yangu.

Mama Wawili, nikuulize jambo. Hao vijana wa kijiwe cha boda, huwa unawasomesha Biblia kwa sauti, kila mtu aya moja moja kwa zamu? Kama ndiyo, jaribu kuacha mwezi mmoja uone. Nimefundisha zaidi ya miaka 30, mvulana wa darasa la sita asiyejua kusoma vizuri yuko tayari kukaa juani siku nzima kuliko kukwama kwenye neno "Nebukadneza" mbele ya wasichana. Atakuambia sande skuli ni ya watoto, hawezi kukuambia hajui kusoma. Soma wewe, au mpe aya yake tangu jumamosi akajizoeze. Na ikiwezekana wasaidie kusoma kabisa, maana Robert Raikes wa Gloucester kule Uingereza mwaka 1780 alipoanzisha shule ya jumapili, walikuwa ni watoto wa kazi, siku sita wako viwandani, jumapili ndiyo wanafundishwa kusoma. Kusoma kulikuwa ndiyo somo lenyewe.

Na hii katekisimu mnayoilaumu. Martin Luther aliiandika 1529 baada ya kuzunguka sharika za Saksonia kule Ujerumani akakuta watu hawajui hata Sala ya Bwana, na wachungaji wengine vilevile. Fungua mwanzo wa kila sehemu, imeandikwa namna baba wa nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Baba wa nyumba! Mchungaji hakutajwa pale. Sasa siku hizi baba anamleta mtoto kwa gari, anamshusha getini, anaenda kuosha gari.

Kibo_Mgumu

Hapo kwa kuosha gari mzee umenichoma mimi mwenyewe 😂

jirani_mkatoliki

Samahani naingilia ya wenyewe. Sisi parokiani hao wa katikati tunao Utoto Mtakatifu, lile shirika la kipapa lililoanzishwa 1843 na Askofu Forbin-Janson kule Ufaransa. Wazo lake lilikuwa dogo sana, mtoto asali sala fupi kila siku na atoe senti moja kila mwezi kwa ajili ya watoto wenzake wa mbali. Huku kwetu wana skafu zao, wana viongozi wao watoto, mwenyekiti wetu ana miaka 12 na ni mkali kuliko paroko. Mwaka jana walivunja vibubu wakanunua madaftari wakapeleka wenyewe kituo cha watoto, mtunza hazina alihesabu sarafu mara tatu maana hakumwamini katibu.

Sisemi muige jina. Nasema hao watoto wa miaka 12 wamechoka kukaa wakiambiwa, wape kazi ambayo wasipoifanya itaonekana haijafanyika.

mama_Neema_2

Nijibu la bodingi maana naona mmelikwepa.

Kwetu tulipiga kelele kwenye baraza la wazee mpaka likapita. Mwanafunzi wa kipaimara akichaguliwa mbali, mchungaji anamwandikia barua kwenda usharika ulio karibu na shule, inaeleza amefika somo la ngapi, na kule wakimpokea mahudhurio yake yanahesabika huku. Kwenye shule nyingi za sekondari kuna UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, kuna mwalimu mlezi, huyo ndo unamtafuta kwa simu kabla mtoto hajafungasha tranka. Pasipo na usharika karibu, tunamfundisha likizo ya Juni na Desemba kila siku asubuhi, jumamosi kwake hazihesabiwi. Na kubarikiwa kwetu ni Desemba, shule zote zimefungwa. Binti wa kuanza upya mara mbili hayo ni makosa ya ofisi sio yake, nenda na mama yake kwa mchungaji mkiwa wawili, msiende na maneno ya walokole, nendeni na tarehe alizohudhuria.

Na jingine dogo, hilo darasa jipya la katikati hakikisha halina mwalimu mmoja peke yake na watoto, hata kama ni mtu mzuri kiasi gani. Walimu wawili au mlango wazi. Na usimtume binti wa miaka 12 kupeleka funguo nyumbani kwa mtu. Sisemi zaidi.

Mama_Wawili

Nimerudi, samahani nilikuwa na msiba.

Mwinjilisti, umenipiga palepale. Aya moja moja kwa zamu ndo nilikuwa nafanya, tena nikiona mtu amekwama nawaambia wenzake "msaidieni", na wanamsaidia kwa kicheko. Mungu anisamehe.

Nimeanza. Sina chumba kwahiyo nimehamisha hawa wa 11 mpaka 13 jumamosi saa tisa, gereji inafunga saa nane. Nimembembeleza yule mwanachuo tuwe wawili. Jumamosi ya kwanza walikuja wasichana tisa na wavulana wanne, mmoja alikuja na ndala mkononi amekimbia. Nikawapa kakondoo ka Nathani bila kusema ni wapi, Kibo asante, ikawa vurugu tupu, dogo wa Daudi akasema huyo tajiri achukuliwe kondoo wote apewe maskini na yeye abaki anachunga kwa mshahara. Nikasoma mimi. Nilipofika "Wewe ndiwe mtu huyo" aligeuka akamwangalia mwenzake akasema "aah kumbe ni Daudi wetu yule?"

Kazi nimewapa ya Mikaeli na Watoto. Wao ndo watapanga nani asome nani aombe, na wamekuja na sheria yao kwamba asiyehudhuria Julai na Agosti hasimami mbele hata baba yake awe nani. Nimewaambia watu wazima watanijia juu, wakasema "waambie ni sisi."

Bajeti bado. Usharika ulitutengea laki mbili kwa mwaka mzima, kwaya wamenunuliwa spika mpya juzi. Hiyo nitaifungulia uzi wake.

La binti, tumepanga kwenda ofisini jumanne na mama yake. Tarehe tumezipata, alikuwa ameziandika zote nyuma ya daftari la hisabati, ana jumamosi 31.

zakayo_mjuu

Jumamosi 31 halafu aanze upya? Jumanne ukitoka ofisini njoo useme walichojibu.