Gwaride la Julai 12 lipite mitaa ya Wakatoliki?

Mtoa mada: Mwaka 1690, kwenye Mto Boyne, William wa Tatu, mfalme Mprotestanti, alimshinda baba mkwe wake, James wa Pili, Mkatoliki aliyeng'olewa kwenye kiti hicho. Hadi leo Waprotestanti wa Ireland ya Kaskazini, hasa wa chama cha Orange, huandamana kila Julai 12, na Wakatoliki huona wanasimangwa mlangoni kwao. Nani ana haki?

Mchangiaji 1: Barabara ni ya umma. Na tusipotoshe, haikuwa vita ya dini tu: jeshi la William lilikuwa na Wakatoliki ndani yake, na Papa Innocent wa 11 alikufa akiwa na ugomvi na Louis wa 14, mfalme Mkatoliki wa Ufaransa aliyekuwa akimbeba James. Hata tarehe ina utata. Kwa kalenda ya zamani Boyne ilikuwa Julai 1. Julai 12 ni ya Aughrim, vita vingine walivyoshinda watu wa William, mwaka 1691.

Mchangiaji 2: Mkuu, anayepigiwa ngoma dirishani hajali kalenda. Shida ni njia na muziki. Sheria ya 1998 inamtaka mwandaaji apeleke taarifa polisi siku 28 kabla: njia, saa, idadi ya watu, bendi, wasimamizi. Tume ya Maandamano ndiyo huweka masharti. Sasa tazama Belfast, 2012. Gwaride lilisimama kidogo, bendi moja ikajikuta mbele ya Kanisa la Mtakatifu Patrick, ikazunguka duara ikipiga wimbo wa kuwakashifu Wakatoliki. Njia ilikuwa halali! Ndipo Tume ikabana: mbele ya kanisa, mdundo wa ngoma moja au tenzi tu.

Mchangiaji 1: Na kuzuia kumeleta nini? Gwaride la kanisa la Drumcree, mjini Portadown, limezuiwa tangu 1998, na bado wanaomba kupita Garvaghy Road, barabara ya mtaa wa Wakatoliki.

Mchangiaji 3: Amri peke yake haitoshi, kweli. Ardoyne, mtaa wa Wakatoliki huko Belfast, waandamanaji walizuiwa kurudi jioni mwaka 2013, wakapiga kambi miaka mitatu. Kilichoivunja ni makubaliano: wamalizie safari yao asubuhi ya Oktoba 1, 2016, kisha wasiombe tena kurudi jioni bila wakazi kuafiki. Mji wa Derry nao waandamanaji walikaa mezani na watu wa Bogside, mtaa wa Wakatoliki.

Mchangiaji 2: Sawa, ila Portadown chama cha Orange kilikataa kwa miaka kuzungumza na wakazi ana kwa ana. Asiyetaka kuongea na mwenye mtaa anaomba njia kwa nani?

Mchangiaji 1: Kwa polisi, siku 28 kabla, kama sheria inavyosema.