Umaliziaji wa ndani ya nyumba: ni vifaa gani vinastahili kuitwa endelevu?

Muuliza swali

Habari zenu wanajukwaa. Ninajiandaa kukarabati ndani ya nyumba ambayo kuta zake za matofali zilipigwa lipu ya saruji na kupakwa rangi ya plastiki miaka mingi iliyopita. Safari hii ningependa vifaa vya kumalizia ambavyo havichafui hewa ya vyumbani na ambavyo utengenezaji wake hauharibu mazingira kupita kiasi. Nimeelezwa habari za lipu ya udongo, sakafu ya mianzi na bodi zinazooteshwa kwa nyuzi za uyoga, ila kila muuzaji anaiita bidhaa yake rafiki wa mazingira, nami sioni kipimo cha kuwatofautisha. Je, lipu ya udongo inaweza kupigwa juu ya rangi iliyopo, au ni lazima rangi yote ikwanguliwe? Na sakafu ya mianzi ni endelevu kweli, au ni jina tu?

Jibu la kwanza

Ndugu, mimi ni fundi lipu, kwa hiyo nitajibu upande wa kuta na kuwaachia wengine sakafu.

Faida kubwa ya udongo ni kwamba hauchomwi. Klinka, yaani madonge magumu yanayosagwa kuwa saruji, hupikwa katika joto la takriban nyuzi 1,450 za Selsiasi na chokaa takriban 900, na zote mbili hutoa kaboni dioksidi kwa njia mbili: kutokana na fueli inayowaka, na kutoka ndani ya jiwe lenyewe linapovunjwa na joto. Chokaa, tuseme haki, huinyonya tena taratibu sehemu ya gesi hiyo inapokuwa ikikomaa ukutani. Udongo wenyewe hukauka tu, na ndiyo maana ukuta ukipata mkwaruzo unaulowesha kwa sponji, unausugua, na alama inapotea bila kununua chochote.

Kuhusu rangi iliyopo, usiikwangue kabla ya kuijaribu. Chora msalaba kwa wembe hadi ufike kwenye lipu, bandika utepe wenye gundi kali, kisha uvute kwa nguvu. Rangi ikitoka na utepe, haitaweza kubeba uzito wa lipu mpya, hivyo iondolewe. Ikibaki, ioshe mafuta na vumbi, ikwaruze kwa msasa wa chenga kubwa, halafu paka rangi ya msingi iliyochanganywa na mchanga ili udongo upate pa kushika. Piga kwanza kipande cha majaribio cha kama mita 1 ya mraba. Kikikauka na kupasukapasuka, udongo umezidi, na dawa yake ni mchanga zaidi au majani makavu yaliyokatwakatwa. Ukikipitishia kiganja na kikatoa unga mwingi, mchanga ndio uliozidi. Ukuta unaopandisha unyevu kutoka kwenye msingi utibiwe kwanza, kwa sababu udongo unaolowa kila mara humomonyoka.

Jibu la pili

Naongezea kuhusu sakafu, maana hapo ndipo maneno ya wauzaji yanapokuwa mengi. Mwanzi ni jamii ya nyasi, na shina lake hukomaa kwa miaka 3 hadi 5, ilhali miti mingi ya mbao ngumu huchukua miongo kadhaa. Hilo halina ubishi. Wasichokisema ni kwamba hupasuliwa na kukaushwa, kisha vipande au nyuzi zake hushindiliwa pamoja kwa gundi, na gundi hiyo ndiyo ya kuulizia. Gundi nyingi za kazi hii, kama zile za MDF (bodi za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), zina formaldehaidi, kemikali ambayo mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Omba cheti cha kipimo cha utoaji wa kemikali hiyo. Daraja la Ulaya liitwalo E1 haliruhusu zaidi ya miligramu 0.124 kwa kila mita ya ujazo ya hewa ya chumba cha majaribio.

Omba pia tamko la kimazingira la bidhaa lililoandaliwa kwa kufuata kiwango cha ISO 14025, ukikumbuka kwamba tamko hilo hufichua tu takwimu za athari za bidhaa kwa mazingira. Halisemi kuwa bidhaa ni nzuri. Muuzaji asiyekuwa nalo, neno lake ni tangazo la biashara.

Kwa maoni yangu, linoliamu halisi, tandiko la sakafu linalouzwa kwa mikunjo au vipande, inadharauliwa bure. Frederick Walton wa Uingereza aliibuni katika miaka ya 1860, na hadi leo hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, utomvu wa msonobari, unga wa mbao au wa koki (gome jepesi la kutengenezea vizibo) na kitambaa cha juti. Wengi huichanganya na vinyl, ambayo ni plastiki.

Muuliza swali

Nashukuru sana. Hamkugusa bodi za uyoga, na bado nina wasiwasi na bafu.

Jibu la tatu

Bodi za uyoga hutengenezwa kwa kuotesha nyuzi za uyoga ndani ya mabaki ya mazao, kisha kuzikausha kwa joto ili zife. Ni nyepesi na hunyonya sauti vizuri, kwa hiyo zifunge darini au juu ukutani katika chumba chenye mwangwi. Zisiwekwe mahali pa maji wala pa kugongwa.

Bafuni, sehemu inayorushiwa maji isipigwe udongo. Mafundi wa Moroko wana lipu ya chokaa iitwayo tadelakt, ambayo husuguliwa kwa jiwe laini na kupakwa sabuni ya mafuta ya zeituni; sabuni hiyo huungana na chokaa na kufanya tabaka lisilopitisha maji kirahisi. Inahitaji fundi aliyeizoea. Kama vigae vilivyopo bado ni vizima, viache, kwani kuvibomoa ni kutengeneza kifusi kwa jina la mazingira.

Nyongeza kwa fundi lipu: udongo hupokea na kuachia unyevu wa hewa kupitia uso wake, kwa hiyo hata juu ya rangi ya plastiki bado utafanya kazi, mradi usije ukaupaka vanishi. Na mianzi isiingizwe ndani hadi lipu iwe imekauka kabisa, la sivyo itavimba kwa maji yanayotoka ukutani.