Tupeane uzoefu: alichotuachia mama yetu wa kodi, Dodoma

Arobaini ya mama imepita, na sokoni watu bado wanaulizana mahesabu yake. Mchana alikuwa mshauri wa kodi, jioni alikuwa na mama lishe, wauza nyanya na wanavikoba, na hakumtoza mtu hata senti. Mwenye alichokishika kwake akiweke hapa, kiwe na hatua zake, ili na binti zetu wakikute.

Wa Majengo: Nianze na daftari. Kaunta buku moja, safu tano: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya mkopo, madeni yaliyolipwa, manunuzi. Safu ya nne aliagiza iandikwe kwa kalamu nyekundu na isijumlishwe kwenye mauzo. Sababu ni hii: debe la karanga la 40,000 likikopeshwa linaandikwa, mteja akija kulipa, muuzaji anaandika tena mauzo. Debe moja limekuwa 80,000. Mwaka mzima wa makosa hayo unakupandisha daraja la kodi kwa mali ambayo hukuuza.

Wa Kikuyu: Na daraja ndilo lililokuwa likimkosesha usingizi. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi milioni 4 halipi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu analipa 100,000; mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Chukua mauzo ya milioni 5: mwenye daftari 30,000, asiye nalo 100,000. Kati ya milioni 7 na 11 ni 250,000 bila daftari. Ukiwa nalo ni 90,000 na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa mauzo ya milioni 8 hiyo ni 120,000. Mahesabu haya aliyafanya mbele ya mtu, kwenye daftari la mtu mwenyewe, kwa mauzo yake mwenyewe. Ndiyo maana yaliingia.

Wa Kibaigwa: Kwa wa mahindi na alizeti alikazania risiti za EFD, ile mashine ya kielektroniki ya kutoa risiti. Karatasi yake huandikwa kwa joto, kwa hiyo joto na jua huiharibu. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au juu ya bati, maandishi yanafifia au karatasi inageuka nyeusi, ukabaki na kipande kisichosomeka. Tepu na gundi nazo zinakula maandishi. Dawa ni kutoa kopi siku hiyohiyo, kuibana pamoja na risiti yenyewe kwa pini, na kuziweka kwenye bahasha ya khaki ya mwezi husika. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5.

Wa Chang'ombe: Msisahau kikoba. Sanduku kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasiotoka nyumba moja, na anayelaza sanduku asiwe na ufunguo. Mfuko wa jamii, ule wa misiba na wagonjwa, unakaa kwenye kimfuko chake na unahesabiwa kwanza, mbele ya wote, kabla hisa hazijaguswa. Halafu laini ya simu: ya biashara iwe ya biashara tu. Mkopo wa kikoba ukiingia kwenye laini ya mauzo, siku ya kukaguliwa unaonekana ni mauzo, na bila ukurasa wa kikoba kwenye daftari huna cha kuonyesha.

Wa Nzuguni: TIN, namba ya mlipa kodi, haiuzwi. Anayedai hela ya kukutolea ni kishoka.

Wa Majengo: Jambo jingine ni makadirio, yaani kodi uliyopangiwa kwa mwaka kabla mauzo hayajajulikana. Biashara ikiyumba, kama mwaka ambao mvua zimegoma na wateja wa vijijini hawashuki mjini, usingoje mwaka uishe. Nenda na daftari uombe yarekebishwe. Wengi wanakaa kimya, awamu za kulipa zinapita, riba inaota juu yake.

Wa Kikuyu: Kwa wenye madaftari aliyoyapitia kwa mkono wake, fungueni jalada la nyuma kwa ndani. Hapo ndipo alipoandika miezi minne ya awamu: Machi, Juni, Septemba, Desemba. Mkianza kaunta buku jipya, ihamisheni.